Plagi za IST yangu nabadilisha mwenyewe

Kwa hapa Dar, mtu akikwambia anabadilisha plagi za gari lake mwenyewe ili aokoe hela, usimwamini sana. Fundi wa mtaani hatozi kitu cha kutisha kwa kazi hiyo. Nusu saa haifiki kashamaliza, na wewe muda wote umekaa kwenye benchi na simu yako. Mimi nabadilisha mwenyewe kwa sababu moja tu: nataka kuziona zile zilizotoka. Fundi akishazichomoa anazitupia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, anafunga mpya, unalipa, unaondoka, na ushahidi wote wa kinachoendelea ndani ya injini yako unabaki kwenye ile ndoo.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ-FE, cc 1,500 kasoro kidogo. Kwa wakazi wa jiji hili sina haja ya kulieleza, kila kona lipo. Lilianza kumisi taratibu, yaani silinda nyingine inakosa kuwaka. Asubuhi nikiwasha, usukani unatetemeka, mlio wa ekzosti unakatika-katika, halafu injini ikishapata moto linatulia na mimi najisahaulisha. Baadaye likaanza kutetemeka hata kwenye foleni ya Ubungo, AC ikiwa imewashwa, na nikikanyaga mafuta kupanda kuelekea Kimara linasitasita kwanza ndipo livute. Mafuta nayo likawa linakunywa. Fundi wa kwanza niliyemuuliza alisema tusafishe throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Wa pili, boneti ikiwa bado imefungwa, alisema koili zote nne, vile vifaa vya kuzipa plagi umeme, zimekufa, akanitajia na bei papo hapo. Hakuna aliyetaka kutazama plagi.

Walionipa moyo ni bodaboda. Kijana wa kijiweni kwetu pikipiki ikimzimikia njiani anaegesha pembeni, anatoa spana ya plagi chini ya kiti, anaichomoa plagi, anaitazama, anaifuta au anafunga nyingine aliyonayo, anapiga kiki, huyoo na abiria wake. Hajamwita mtu. Mwenye gari, tena mara nyingi ni msomi, anaogopa kufanya jambo hilohilo mara nne. Nadhani ni kwa sababu plagi ya pikipiki imetokeza nje unaiona, na ya gari imefichwa chini ya plastiki na koili. Kitu kikifunikwa tu, watu wanakiheshimu.

Kazi ya plagi ni kutoa cheche inayowasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Betri ina volti 12 tu. Koili inazipandisha zifike volti 20,000 na zaidi, umeme unaruka kwenye mwanya mdogo ulio kati ya ncha mbili za plagi, na hiyo ndiyo cheche. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche 25 kwa sekunde moja, na kila cheche inakula chuma kidogo sana. Mwanya unapanuka, koili inalazimika kutoa umeme mkubwa zaidi ili uweze kuruka, na koili nayo inachoka. Ndiyo maana anayebania hela ya plagi anaishia kununua koili. Halafu silinda isipowaka vizuri, petroli mbichi inatoka nayo hadi kwenye masega ya ekzosti, kile kifaa cha kusafisha moshi, inaungulia humo na kuyaharibu. Hapa nazungumza na wale ambao magari yao bado yana masega, maana kuna wengine yalishauzwa kitambo na hawana habari.

Kununua ndiko kulikonichosha kuliko kufunga. Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, na nilikuwa nimeandika namba kwenye karatasi: Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11. Injini hii inakubali yoyote kati ya hizo mbili. Ukiingia pale bila namba, ukasema tu "nataka plagi za IST", utapewa chochote kinachoingia kwenye tundu. Hizo namba zina maana yake. Kwenye ile ya Denso, K inataja umbo, yaani nyuzi za kufungia zenye kipenyo cha milimita 14, urefu wa nyuzi milimita 19 na kichwa cha kushikwa na soketi namba 16. Ile 16 ni kiwango cha joto, R ni kizuizi cha umeme ili redio isikoromee, na 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1. Urefu wa nyuzi usiuchezee. Plagi fupi inawasha vibaya na nyuzi za ndani zinajaa masizi, ndefu inaweza kugongwa na pistoni.

Muuzaji mmoja, kijana mcheshi, aliniletea K20 badala ya K16.

"Bosi, chukua hizi. Hizi ni za baridi, zinafaa sana kwa joto la Dar."

"Kaka, injini hii inataka kumi na sita."

"Mzee wangu, wote wanachukua hizi hizi."

Maneno yake yana nusu ya ukweli. Ni kweli namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi, maana yake inapoteza joto haraka. Lakini kiwango hicho kinafuata injini ilivyotengenezwa, hakifuati hali ya hewa ya mji. Ncha ya plagi inatakiwa ipate joto la kutosha ili iunguze masizi yake yenyewe. Ukiweka plagi ya baridi kwenye gari linaloshinda kwenye foleni, ncha haifiki joto hilo, masizi yanaganda, na misi uliyokuja kuitibu inarudi.

Duka la pili walikuwa na namba sahihi, kwa bei ya karibu nusu ya nilivyotegemea. Hapo ndipo pa kuwa macho. Nikaomba kufungua boksi. Maandishi kwenye kauri nyeupe yalikuwa yamefifia upande mmoja, ile ncha iliyopinda juu ilikuwa imekaa upande badala ya kusimama sawa na ncha ya katikati, na ringi ya chini ya plagi ilitoka yenyewe nilipoigeuza. Kwenye plagi halali ringi inazunguka ila haichomoki hivi hivi, na ncha mbili zinatazamana sawasawa. Nikamrudishia kwa heshima, maana kumwambia mtu dukani kwake kwamba anauza feki ni kutafuta ugomvi. Alinionyesha pia za mtumba zilizosafishwa zikang'aa. Hizo nazo sikuzitaka. Kusafisha hakurudishi chuma kilichokwisha liwa.

Nikapata za Denso duka la tatu, za nikeli za kawaida. Zile zenye ncha ya iridiamu, madini magumu zaidi, ni nzuri na zinadumu, kilomita 100,000 hivi, wakati za nikeli ni za kubadilisha kati ya 20,000 na 40,000. Lakini nilijiambia kwamba kwa gari lenye ugonjwa usiojulikana, nahitaji plagi za kunipa majibu kwanza. Za anasa zitakuja baadaye. Na iridiamu ya kughushi inauma zaidi kwa sababu umelipa bei ya iridiamu.

Vifaa havikuwa vingi: soketi ya plagi namba 16 yenye mpira ndani wa kushika plagi, racheti na ekstensheni yake ndefu, soketi namba 10, fila geji ya kupima mwanya, kitambaa safi, na pampu ya baiskeli ya mwanangu.

Kazi niliifanya Jumamosi asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Hili la injini kuwa ya baridi si nakshi. Silinda hedi ya gari hili, yaani kichwa cha injini plagi zinapofungwa, ni ya alumini na plagi ni ya chuma. Vikiwa vya moto havitanuki sawa, na nyuzi za alumini ni laini. Ukilazimisha plagi itoke kwenye injini ya moto unaweza kuitoa na nyuzi zake, na ukifika hapo hiyo kazi imekwisha kuwa ya gereji, tena gereji yenye mashine.

Nilifungua kifuniko cha plastiki, koili nne zikaonekana zimepangana juu ya injini, kila moja imeshikwa na boliti moja namba 10 na ina soketi yake ya waya. Hizo soketi za waya ndizo za kuziogopa. Plastiki iliyokaa juu ya injini miaka ishirini inakuwa kavu, ukiibana vibaya kile kilimi kinavunjika mkononi. Nilisukuma soketi mbele kidogo kwanza ili kilimi kilegee, nikakibana kwa kidole gumba, ndipo nikavuta kwa kushika plastiki. Waya usiuvute kabisa. Koili yenyewe ukiivuta moja kwa moja inagoma, kwa sababu mpira wake wa chini umeng'ang'ania plagi. Unaizungusha kulia na kushoto kidogo, unasikia imeachia, inapanda.

Kabla ya kugusa plagi nilianza kupuliza matundu kwa pampu, moja moja. Huku kwetu ni barabara ya vumbi, na vumbi lote la miaka linakaa chini kuzunguka plagi. Ukifungua bila kupuliza, mchanga unadondoka ndani ya silinda. Mwanangu wa darasa la tano alikuwa ameshika tochi, na yeye ndiye aliyeliona.

"Baba, mbona hili lina mafuta?"

Tundu la pili kutoka kushoto lilikuwa na oili, si nyingi, lakini plagi ilikuwa imesimama ndani yake. Ningekuwa peke yangu ningepuliza tu ikanirukia usoni. Tukafunga kitambaa kwenye kijiti, tukaikausha yote kabla ya kufungua, ili isimwagikie ndani.

Nilitoa plagi moja, nikafunga mpya, ndipo nikaenda ya pili. Nazipanga zilizotoka kwenye kipande cha boksi nilichokiandika namba 1 hadi 4, namba moja ikiwa upande wa mkanda. Bila kuzipanga hivyo, huwezi kujua baadaye ipi imetoka wapi, na faida yote ya kufanya mwenyewe inapotea.

Kufunga ndiko kunakotaka mkono mtulivu. Nilichomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi, nikaishusha tundu zima hadi chini, nikaizungusha kwanza kinyume, kushoto, hadi nikasikia kimlio kidogo cha uzi kukaa kwenye uzi, ndipo nikageuza kulia. Uzuri wa mpira ni kwamba hauna nguvu. Plagi ikienda upande, mpira unateleza, na nyuzi zinabaki salama. Racheti haikwambii hivyo, inalazimisha tu. Plagi inatakiwa iingie kwa vidole karibu njia yote. Ikifika mwisho ndipo unachukua racheti na kuongeza nusu mzunguko hivi, unahisi ile ringi mpya inabonyea, unaacha. Toyota wanataka nguvu ya kukaza ya Nm (nyutonimita) 18, ambayo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Mafundi wetu wana imani kwamba kilichokazwa sana ndicho kilichofungwa vizuri, na kwenye boliti za tairi labda, lakini kwenye alumini imani hiyo inakula pesa. Wengine wanapaka grisi kwenye nyuzi. Watengenezaji wa NGK wanashauri usipake, kwa sababu plagi zao zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Sasa zile za zamani. Nilizibeba hadi kibarazani penye mwanga nikakaa nazo kwa muda, mke wangu akapita akaniuliza kama nasali.

Namba 1, 3 na 4 zilikuwa na rangi ya biskuti kwenye ncha, kavu, bila masizi mazito. Hiyo ni habari njema. Injini inachoma vizuri, haichanganyi petroli nyingi wala haikosi. Nyeusi kavu ingekuwa petroli inazidi, au gari la safari fupifupi lisilopata joto. Nyeupe yenye vipele ingekuwa joto limepita kiasi. Lakini kona za ile ncha ya katikati, ambazo kwenye plagi mpya ni kali, zilikuwa zimelika zikawa za mviringo, na fila geji ya milimita 1.3 ilipita kwenye mwanya bila kugusa. Hivyo zilikuwa zimechoka tu. Juu ya kauri, jirani na chuma, kulikuwa na mstari wa kahawia unaozunguka. Ukiuona huo usishtuke. Watu wengi wanasema plagi imevuja moto, kumbe ni umeme mkubwa unaovuta chembe za oili zilizoko hewani na kuzigandisha pale. Plagi nzima kabisa huwa nayo.

Namba 2 ilikuwa na ncha sawa na wenzake. Hilo ndilo lililonifumbua macho. Kama oili ingekuwa inapita kwenye ringi za pistoni na kuungua ndani, ncha ingekuwa nyeusi na ya mafuta, na hapo ningekuwa naandika habari nyingine ya gharama. Oili ilikuwa nje, upande wa kauri tu. Imeshuka kutoka juu, kwenye gasketi ya tapeti kava, yaani mpira wa kuzuia oili chini ya kifuniko cha juu cha injini. Mpira wa koili yake ulikuwa umelainika na kuvimba kwa kukaa kwenye oili.

Nikafunga kila kitu, nikawasha. Tofauti ilikuwepo, usukani ukatulia, na kwenye kupanda gari likavuta bila kusita. Lakini asubuhi, kwa dakika za mwanzo, ile misi ilibaki kidogo. Basi asubuhi moja likiwa linamisi nilifanya jaribio la kienyeji: injini inaunguruma, nachomoa soketi ya waya ya koili moja, nasikiliza, narudisha. Ukichomoa kwenye silinda inayofanya kazi, injini inaporomoka hapohapo. Namba 2 nilipochomoa haikubadilika kitu. Nikazima, nikahamisha koili ya 2 ikaenda 3, ya 3 ikaja 2. Kesho yake asubuhi silinda iliyokufa ilikuwa ya 3. Ugonjwa umehama na koili, kwa hiyo koili ndiyo mgonjwa. Jaribio hili lisichukue muda mrefu, sekunde chache kwa kila silinda, kwa sababu ya yale masega niliyoyataja. Taa ya injini kwenye dashibodi pia inaweza kuwaka, na si ya kukutisha.

Koili moja, basi, na gasketi ya tapeti kava. Yule fundi wa koili nne hakuwa amekosea kabisa, alizidisha tatu. Na angenifungia hizo nne bila kugusa gasketi, oili ingeendelea kushuka na kulainisha mpira wa koili mpya.

Gasketi sikuibadilisha mwenyewe. Kusafisha ule uso wa alumini, kupaka silikoni mahali panapotakiwa, kukaza boliti kwa mpangilio, niliona bora nimwachie fundi, na nikaenda kwa yule wa kwanza, wa throto, kwa sababu ana mkono safi. Nilimpelekea kipande changu cha boksi na plagi zake nne zilizopangwa. Akazitazama moja moja, akaishika namba 2 akaigeuza.

"Mzee, hizi nani kazitoa?"

"Mimi, fundi."

"Sasa wewe mbona hukuniletea toka siku ile?"

Nikamwambia siku ile zilikuwa ndani ya injini. Akacheka, akafanya kazi nzuri, na hakuniongezea kitu chochote kwenye bei ambacho hatukukubaliana. Sijui kama ni zile plagi au ni ubinadamu wake tu, lakini tangu hapo akinieleza jambo la gari langu ananionyesha kifaa kwanza.

Habari zikazagaa mtaani kwamba nabadilisha plagi. Wenye Vitz na Raum za injini ya familia hii nawasaidia bila shida, kazi ni ileile, ila naangalia namba ya plagi kwa kila injini kwanza. Jirani mmoja ana Harrier ya V6, akaja na plagi sita mpya kwenye mfuko. Tulifungua boneti, nikamwonyesha tatu za mbele zilipo. Za nyuma ziko chini ya njia ya hewa ya injini, upande wa kioo, na kuzifikia ni lazima ufungue nusu ya vitu vinavyoonekana. Mwingine ana Forester, ambayo silinda zake zimelala ubavuni, plagi zinatazama kuta za bodi, unaanza kwa kutoa betri na tanki la maji ya waipa ndipo mkono upate pa kupita. Wote wawili niliwaelekeza kwa fundi yuleyule, na kila mmoja nikampa kipande cha boksi na kalamu aende nacho.